Mafuta ya Ziada

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo kwa uchache wake yana thamani kubwa, kwamba haya yote ni kweli tupu. Atakayenikuta na uongo, hata wa punje ya chumvi, nitamwoshea vyombo vya nyumba nzima. Binti mwenyewe simtaji jina: yu hai, hasira zake ziko karibu, na anajua ninapokaa. Tumwite Miwani, maana pale maabara hakuna aliyevuka mlango bila miwani ya kinga akabaki na masikio salama.

Siku ya usajili ukumbi ulifurika, watu wamebanana kama njiti kibiritini. Miwani alikuwa ndani ya gauni la samawati na viatu vipya vilivyomtafuna vidole. Dirishani karani alikuwa akiyaimba masharti ya shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemikali:

"Masomo yote ufaulu, wastani usishuke B. Msimamizi awe amekukubali. Utafiti wako, semina mbele ya watu, tasnifu, kisha uitetee. Ukishindwa kuitetea, nyumbani! Anayefuata!"

Anayefuata, aliyekuja kujisajili mwaka wa pili, akageuka. Koti jeupe la maabara, pasi imelala mpaka mikunjo ingekata karatasi. Ndiye! Chuo kizima kilimwita Koti.

"Miwani wangu," akanong'ona. "Umerudi. Mama anaendeleaje?"

"Mama amepona. Sasa zamu ya kuugua ni yako."

Mwaka uliotangulia, Miwani alipokuwa akimuuguza mama yake, Koti alikwenda kwa profesa akaandikisha utafiti wa kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa dizeli. Wazo lile lilikuwa la Miwani. Alimsimulia Koti kwenye ngazi za maktaba, kichwa begani mwake, kwa imani yote ya mtu anayependa. Habari zilipomfikia, akaifungia namba yake simuni, na machozi akayafungia humohumo.

"Mwosha huoshwa," akaapa. "Hiyo shahada ataisikia kwa majirani."

Miwani akaanza masomo, akapewa na kazi ya kuangalia maabara. Kila asubuhi Koti alipima mafuta yake, akayamimina tangini, akaenda kula. Mlango ukishafungwa, Miwani hutoa chupa mkobani, akaongeza kikombe. Kikombe tu! Alasiri, mtambo ukishapika, Koti akipima dizeli na mabaki, uzito umezidi. Na katika fani ile hakuna fedheha kama hiyo. Kinachoingia lazima kitoke, au kibaki ndani. Hakizaliani.

"Vipi leo, daktari?" Miwani humuuliza, sauti asali.

"Imezidi tena."

"Pole, jamani. Labda mafuta yako yana mimba."

Koti hucheka, akaosha mtambo, akaanza upya. Kicheko kile kilimkera Miwani kuliko lolote. Akahamia vikombe viwili.

Muhula ukaisha hivyo. Siku moja simu ikalia, namba ngeni.

"Usikate, mpenzi. Nimeazima simu ya karani."

"Mpenzi wako ni tangi. Sema shida yako."

"Natetea tasnifu Ijumaa. Uje, ukae mbele."

"Nitakosaje? Hata swali ninalo."

"Najua unalo," akasema Koti, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Ijumaa Miwani alivaa nyekundu, kama mtu anayekwenda kushangilia. Jopo likaketi. Profesa, msimamizi wa wote wawili, akafika penyewe kabla swali la Miwani halijatoka mdomoni.

"Kijana, unatoa kingi kuliko ulichoingiza. Hiyo ziada inashuka mbinguni? Usipoieleza, hatuna shahada ya kukupa."

Ukumbi ukacheka. Koti akamtazama Miwani, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Nilipima vibaya, profesa. Kosa ni langu."

Miwani alikuwa ameingoja furaha ya dakika ile mwaka mzima. Haikuja. Akajikuta amesimama.

"Hakupima vibaya. Mafuta ya ziada ni yangu. Nilikuwa namwongezea."

Profesa akavua miwani yake, akafuta macho badala ya kufuta vioo. "Binti, huyu kila wiki alikuwa ananiuliza kama mwenye wazo amerudi. Wazo hilo nilikuwa nimpe mtu mwingine. Yeye akalikalia ili lisipotee. Mtarudia majaribio yote. Pamoja. Tasnifu zenu zote mbili zitangoja."

Nje ya ukumbi Miwani akamkaba Koti kola. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilipiga simu. Ulinifungia."

"Na mafuta? Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Yananukia vitunguu vya jikoni kwa mama yako. Nimekula pale miaka miwili, nisijue?"

"Mbona hukufunga mlango kwa ufunguo?"

"Ndiyo saa pekee uliyokuwa unanikaribia. Nikufungie na mimi?"

Hapo Miwani akalia, Koti akapiga goti, akamwomba awe wake, akakubaliwa. Na tangi, kwa furaha, likafurika! Mafuta yakashuka ngazi zote, profesa akateleza chali kutoka ghorofa ya tatu mpaka dirishani kwa karani, aliyemwambia...

"Mjomba."

Mpwa wangu amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma juu ya bega langu, mikono kiunoni.

"Tangi lile nililibeba kwa mkono mmoja. Lisingelowesha hata ngazi moja. Na maabara iko chini, haina ghorofa."

"Mwanangu, hadithi bila chumvi..."

"Na nani kakwambia nimemsamehe?"

Nimekwenda jikoni. Mumewe yuko pale kwenye karo, koti la maabara limefungwa kiunoni, povu mpaka viwikoni. Yeye anaosha mwaka wa tisa huu.

"Karibu, mjomba," ameniambia, akinisogezea masufuria. "Anza na hayo yenye mafuta."