Faili Lililoachwa Wazi

Kila asubuhi Chapuchapu ndiye aliyewasha kompyuta za shule. Walimpa jina hilo kwa sababu ya vidole vyake vilivyoandika haraka mno. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amemkabidhi seva, mashine inayotunza kazi za wanafunzi wote, na tangu hapo wenzake walimwonea kijicho.

Siku hiyo wenzake walikuwa wamemtangulia kuziwasha, na alipoingia hakuna aliyeitikia salamu yake. Kazi zote ambazo darasa liliziandaa kwa maonyesho ya shule zilikuwa zimefutwa, na seva ilionyesha kwamba aliyezifuta ni yeye.

"Ulijifanya bosi, sasa umetumaliza," alisema Domo, mvulana aliyeutamani sana uangalizi wa seva. "Mwalimu, mtoe. Hatumtaki."

"Si mimi," Chapuchapu alisema. Hata rafiki yake wa chanda na pete alichukua mkoba akahama dawati.

Mwalimu alifungua faili la kumbukumbu, ambamo seva huandika nani ameingia, saa ngapi, na kwa kompyuta ipi. Akakunja uso.

"Jana ulikosea kuingia?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kwa haraka niliandika nenosiri kwenye nafasi ya jina."

"Na seva ikaliandika humu ikidhani ni jina. Faili hili tunalisoma mimi na wewe tu. Mbona sasa kila mtu ana ruhusa ya kulisoma?"

Angeweza kusema hajui. Akisema kweli, angeweza kunyang'anywa kazi aliyoipenda kuliko zote.

"Nililifungua mimi, Mwalimu. Walinisumbua kila saa, kompyuta imenikataa, kompyuta imenikataa. Nikaona bora wajisomee sababu humo wenyewe."

Darasa likazomea.

"Kimya," mwalimu alisema. "Bahati nzuri Chapuchapu hakuwapa ruhusa ya kuandika, kwa hiyo hakuna aliyebadilisha kitu humu. Aliyetumia jina lake na nenosiri alilolisoma humu alikaa kwenye kompyuta ya dirishani jana wakati wa mapumziko. Wakati huo Chapuchapu alikuwa ofisini kwangu. Nani alikaa dirishani?"

Vichwa vyote vilimgeukia Domo.

"Nilitaka anyang'anywe tu," alisema, macho chini.

Domo alipelekwa kwa mkuu wa shule. Mwalimu alizirudisha kazi kutoka kwenye nakala ya akiba, lakini hakuna aliyemwomba Chapuchapu radhi.

"Domo atajibu kwa ubaya wake," mwalimu alimwambia. "Wewe umesema kweli, ndiyo maana nakuachia seva. Ila njia ulimfungulia wewe, kwa kukwepa usumbufu. Kumbukumbu za mfumo hubeba siri za watu, hata zile walizoziandika kwa makosa. Ruhusa humpi mtu kwa sababu amekuchosha. Unampa kwa sababu kazi yake haiwezekani bila hiyo."

"Nimeelewa, Mwalimu."

Aliketi, akabadilisha nenosiri, akaondoa ruhusa ya watu wote, akabakiza ya wawili. Nyuma yake mtu alisonya. Hakugeuka.