Ngamia wa Pili Hana Nyota

"Nyota iko wapi?"

Mzee Atiq aliuliza kwa sauti ya chini, na wanaume waliokaa kwenye zulia wakaacha kutafuna tende. Mkasi wa kunyolea ulikuwa bado mkononi mwake. Mbele yake ngamia mdogo alikuwa amepiga magoti, manyoya ya utotoni yamelala mchangani, na kipaji chake cha uso kilikuwa cha kahawia tupu, kuanzia macho hadi masikio.

"Daktari, nakuuliza wewe. Nyota iko wapi?"

Daktari ni mimi. Naitwa Wadima, kazi yangu ni kutengeneza nakala za ngamia katika maabara moja hapa Al Ain, na asubuhi ile nilikuwa na sababu mbili za kutetemeka. Ya kwanza ni ngamia huyo. Ya pili ilikuwa imesimama nyuma ya Mzee Atiq, imeshika kamba, ndefu, mashallah, na macho yameitoka. Salmin wangu. Alhamisi, siku nne tu mbele, baba yake alikuwa aje kwetu kuniposa kwa niaba yake.

"Baba Salmin," nikasema, "madoa huwa hayafuati nakala kila mara. Damu ni ileile, ila rangi ya..."

"Mwaka mzima nawaambia watu manyoya ya utotoni yakitoka nyota itaonekana. Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Ukanijibu nini?"

"Nilisema inshallah."

Kuna mzee mmoja kwenye zulia alicheka, wallahi nilitamani kumtilia mchanga kwenye kahawa.

Ngoja niwaeleze mjue uzito wa nyota hiyo. Dhabia wa kwanza alikuwa ngamia jike mwenye alama nyeupe ya duara katikati ya kipaji, ukubwa wa sarafu ya dirham. Alipozeeka akawa hainuki, niliitwa nikamkata kipande cha ngozi shingoni. Seli yake moja tukaitia ndani ya yai la ngamia mwingine tuliloliondoa kiini, yai likapandikizwa kwa ngamia wa tatu, naye akabeba mimba miezi kumi na tatu. Siku ile ya kukata ngozi, Dhabia alinitemea mate uso mzima. Kijana aliyekuwa amemshika kichwa, Salmin huyohuyo, akavua kilemba chake cheupe, kipya, akanipa nijifute. Mimi kilemba kile sijakirudisha hadi leo.

"Kipimo cha vinasaba kipo," nikamwambia Mzee Atiq. "Nimekiweka kwenye faili. Huyu ni Dhabia."

"Karatasi! Mimi ngamia wangu namjua kwa jicho, sio kwa karatasi. Umenibadilishia mnyama, binti. Umenipa wa watu, tapeli wewe."

"Mimi si tapeli, Baba Salmin."

"Basi niletee nyota."

Nikamtazama Salmin. Nilichotaka ni neno moja tu. Angesema hata "Baba, taratibu," ningeridhika. Mwanaume akainama akaanza kufungua fundo la kamba ambalo halikuwa limefungwa.

Mzee Atiq akatupa mkasi. "Na Alhamisi gari langu haliendi popote."

Nilirudi mjini naendesha huku machozi yananizibia barabara. Simu ikalia mara saba. Ya nane nikapokea.

"Wadima, mpenzi, nisikilize..."

"Mpenzi wako nani? Tapeli?"

"Mimi sikukuita hivyo."

"Hukuita, na hukukataa! Nimetukanwa mbele ya majirani zenu wote, wewe unacheza na kamba."

"Ni baba yangu, Wadima. Ningemjibu mbele ya wageni?"

"Nani kakwambia umjibu? Ungesema unaniamini. Hilo nalo ni matusi?"

Nikasimamisha gari kando ya barabara.

"Salmin, unaniamini?"

"Nakuamini."

"Sasa unaniambia mimi wa nini? Mimi najijua!"

Nikakata. Baada ya dakika tano ukaingia ujumbe: *Baba hajala tangu asubuhi. Amekaa na yule ngamia, anamtazama kipaji.* Nikaandika: *Mpelekee chakula.* Kisha nikaongeza: *Na wewe kula.* Nikajichukia kwa hilo la pili.

Jumatatu nilipima upya vinasaba kwa mikono yangu mwenyewe. Vikalingana tena. Jumanne nikafungua picha nilizompiga Dhabia wa kwanza, nikaikuza ile ya uso hadi nyota ikajaa kioo kizima. Hapo ndipo nilipoinuka kwenye kiti. Duara lilikuwa kamili mno. Ngozi chini ya nywele nyeupe ilikuwa nyororo, na ukingoni kulikuwa na mstari mwembamba ulioinuka.

Kovu. Kila mfugaji wa huku anajua chuma cha moto kikigusa ngozi, nywele zinazoota baadaye huwa nyeupe. Nyota ya Dhabia haikuzaliwa naye. Kuna mtu alimchoma, na kovu halirithiwi, hata ukitengeneza nakala mia.

Ila ningemwambiaje Mzee Atiq? Mzee huyu anajulikana bonde zima kwa kutochoma wanyama. Yeye mwenyewe alichomwa tumboni utotoni alipougua, eti ndiyo dawa, na aliapa moto hautagusa mnyama wake. Kumwambia Dhabia alichomwa ni kumtukana mara ya pili. Nani basi angejua? Mtu mmoja tu aliyekuwa pale shambani kabla ya wote.

Jumatano baada ya Alasiri nilimkuta Bibi Kaltham, mama yake Mzee Atiq, jikoni kwake anakaanga buni. Amevaa barakoa yake ya zamani inayong'aa, ile ya kufunika uso ya wanawake wazee wa huku, na mkononi ana chuma kirefu cha kukorogea, chenye kichwa bapa cha duara.

Nikakitazama kile kichwa. Nikamtazama yeye.

"Unaangalia nini, mwanangu?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha. "Bibi, nyota hii unaijua?"

Bibi akaacha kukoroga. Buni zikaanza kuungua. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka hadi barakoa ikakaa upande.

"Ewe mtoto wa shetani! Miaka ishirini na nne hakuna aliyeniuliza!"

"Ni wewe?"

"Atiq alikuwa Hija. Ndama akalala, hanyonyi, kichwa anakigonga gonga ukutani. Mganga wa wanyama yuko mbali. Mimi nikapasha hiki hiki chuma, nikamwekea hapa." Akajigusa kipaji. "Asubuhi akanyonya. Kama ni moto ulimponya au alipona mwenyewe, Mungu ndiye ajuaye."

"Na Baba Salmin aliporudi?"

Kicheko kikamwisha. "Kidonda kilikuwa kimepona, nywele nyeupe zimeanza kuchomoza. Akapiga magoti pale mchangani, na kichwa chake kimenyolewa. Akalia. Akaniambia, 'Mama, mimi nilikuwa kwenye Nyumba ya Mungu, na Mungu akamtia alama ndama wangu.' Ningesema nini, Wadima? Ningesema hapana, ni mimi na chuma cha kahawa?"

Bibi akaziondoa buni motoni.

"Unataka nikamwambie," akasema.

Nilitaka. Wallahi nilitaka. Nilitaka jina langu lisafishwe, nilitaka Alhamisi yangu, nilimtaka Salmin hata kwa ububu wake. Lakini nilimwona yule mwanaume amepiga magoti analia kwa furaha, na mama yake amesimama na siri mdomoni.

"Siri ni yako, Bibi," nikasema. "Mimi nimepata jibu langu. Nitakaa nalo."

"Na harusi?"

"Sitaki kuolewa kwa kumvunja mzee moyo."

Bibi akanitazama sana. Halafu akanisukumia kikombe. "Kunywa. Zimeungua kwa ajili yako."

Usiku ule sikumwambia Salmin neno. Alhamisi asubuhi akapiga yeye.

"Wadima, leo nakuja."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nimemwambia Baba sasa hivi, mbele ya majirani walewale, nimewaita mwenyewe. Nimesema Wadima si tapeli, ngamia ni Dhabia, na kama hutakwenda kuniposea nitakwenda na miguu yangu."

Nikakaa kitandani. "Umesema hivyo? Wewe?"

"Sauti ilitetemeka kidogo."

"Akasemaje?"

"Bado hajasema. Ila Bibi ametoka jikoni na chuma cha kahawa, anamwendea. Sijui anataka kumpiga au... Ngoja. Ngoja, Wadima, usikate."

Alisahau simu wazi mkononi, nami nikasikia yote.

"Atiq, mwanangu, kaa chini."

"Mama, sio sasa."

"Kaa, nakwambia! Mjukuu wangu kapata ulimi leo, na mimi nitumie wangu. Kiangalie hiki chuma. Kiangalie kichwa chake. Umekiona wapi?"

Kisha Bibi akasimulia yote, Hija, ndama, moto. Hakupunguza hata kidogo. Akamalizia: "Yule binti alilijua tangu jana. Angeweza kuja kukuaibisha mbele ya hawa wote kama ulivyomfanya. Akasema siri ni yangu. Sasa niambie wewe, tapeli ni yeye au ni mimi?"

Nikaibana simu sikioni. Nikasikia hatua mchangani, na mlango wa zizi.

"Baba?" Salmin aliita. "Baba, unafanya nini?"

Sauti ya Mzee Atiq ikaja kwa mbali, imepasuka.

"Niliondoka hajatimiza wiki. Niliporudi alikuwa na kovu, nami nikaliita nyota." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo huyu ndiye Dhabia kabla ya maumivu. Huyu ndiye niliyemwacha. Ewe Mola, nimerudishiwa hadi siku niliyoikosa, nami nimekaa siku nne nanuna!"

Akaanza kucheka, na Bibi naye, na majirani, na mimi chumbani kwangu nalia peke yangu. Mama yangu akaingia mbio.

"Nani kafa?"

"Hakuna, Mama. Pika. Pika kila kitu!"

Walifika baada ya Alasiri, magari sita. Bibi Kaltham akaja upande wetu wanawake, akajibana nami dirishani tuchungulie ukumbi wa wageni. Salmin alikuwa amekaa kando ya baba yake, kilemba kipya, masikio mekundu. Baba yangu akammiminia Mzee Atiq kahawa.

Mzee Atiq akakipokea kikombe, akakiweka chini bila kukionja.

Watu wote wakakitazama kile kikombe. Kwetu kila mtu anajua maana yake: mgeni ana haja, na hanywi mpaka akubaliwe.

"Kunywa kahawa yako, ndugu yangu," baba akasema, kama desturi inavyotaka. "Ulichokujia umekipata."

"Sinywi. Nina haja mbili. Ya pili ni mkono wa binti yako kwa mwanangu Salmin, nawe ndiye wa kunipa. Ya kwanza ni msamaha wa Daktari. Nilimwita tapeli mbele ya watu, naye ana haki na watu walewale wasikie. Nimewaleta. Hao hapo, wote." Akawaonyesha kwa mkono, na yule mzee aliyecheka siku ya kunyoa akainamisha kichwa. "Daktari, ngamia ni wangu. Kosa ni langu."

Baba yangu akakuna ndevu. "Hiyo ya kwanza mimi sina mamlaka nayo. Wadima! Unasikia?"

Bibi akanifinya ubavu. "Mwache asubiri kidogo. Kidogo tu. Na yeye aonje."

Nikahesabu moyoni. Moja. Mbili. Salmin alikuwa anatazama dirisha, na safari hii hakuwa na kamba ya kuchezea. Akafungua mdomo, mbele ya baba yake, baba yangu na magari sita ya watu.

"Nami naomba msamaha. Nilinyamaza siku nisiyopaswa kunyamaza. Sinyamazi tena."

Tatu ikanishinda. Nikasogea mlangoni, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Baba Salmin!"

"Naam, binti yangu."

"Kahawa inapoa. Kunywa."

Akakinyanyua kikombe, akakimaliza kwa funda moja, na kabla hajakirudisha chini Bibi Kaltham alishapiga kigelegele cha kwanza sikioni mwangu.