Koleta na Ufadhili wa Bweni

Kila alfajiri Koleta aliteka maji, akawakatia mbuzi majani, kisha akashika njia ya kuteremka kutoka kijiji cha Vudee kwenda sekondari. Mara nyingi alichelewa, sketi imelowa umande. Hata hivyo, katika mtihani wa kidato cha pili aliwaongoza wenzake wote. Ufadhili wa kusoma bweni ulikuwa wa atakayeongoza, kwa hiyo kila mtu alijua ni wake.

Ijumaa, wanafunzi wakiwa mstarini, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, Mzee Sifael, alitangaza jina la Paskali, mtoto wa dada yake. Wanafunzi walizomea.

"Tukamfundishe Paskali adabu," rafiki yake Chande alisema walipotoka darasani.

Walimvizia kando ya ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Paskali alipotokea, Chande alimpiga teke la tumbo. Wengine wakamshukia kwa ngumi na fimbo. Koleta aliokota jiwe, akampiga nalo mdomoni. Jino likang'oka, damu ikachuruzika hadi kwenye kola.

"Mwizi! Umeniibia shule!"

"Sikuomba, Koleta! Nilimwambia mjomba kwamba si halali, akanichapa!"

Alipandisha shati. Mgongo wake ulikuwa na michirizi mibichi ya fimbo.

Jiwe lilimdondoka Koleta. "Acheni!" alipiga kelele. Lakini kundi lilikuwa limepandwa na hasira; Chande alikwisha kuinua gongo juu ya kichwa cha Paskali. Koleta alijitupa juu ya Paskali. Gongo likamvunja yeye kidole. Ukelele wake uliwaleta wakulima mbio, na kundi likatawanyika.

Jumatatu, mkono umefungwa bendeji, Koleta alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, Mwalimu Veneranda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mkono umepatwa na nini?"

Alieleza yote, hata jiwe. Mwalimu akaita wazazi na kamati.

"Binti huyu ni mchelewaji," Mzee Sifael alijitetea.

"Sharti lilikuwa alama, mzee," mwalimu alimjibu. "Kuchelewa hakukutajwa."

"Mjomba, Koleta ndiye wa kwanza," Paskali alisema, midomo imemvimba.

Wanakamati walimwondoa Mzee Sifael kwenye uenyekiti, wakampa Koleta ufadhili. Hapo mama yake Paskali akasimama.

"Aliyemng'oa mwanangu jino ndiye anapewa zawadi?"

"Mama, uchungu wako ni wa haki," Mwalimu Veneranda alijibu. "Koleta, Chande na wenzao wataadhibiwa, na wazazi wao watagharimia matibabu. Lakini ufadhili ni wa alama. Nikimnyang'anya kwa sababu nimemkasirikia, nitakuwa nimebadili sharti kama alivyofanya mzee."

Kisha akamgeukia Koleta. "Haki ilikuwa yako tangu Ijumaa, na mlango wangu ulikuwa wazi. Ungekuja kusema, Paskali angekuwa na jino lake. Ukionewa, sema kwa mwenye uwezo wa kurekebisha; akikataa, sema kwa mwingine. Ukishika jiwe, unamwumiza hata asiye na kosa, na wewe unageuka mwonevu."

Koleta alipiga magoti mbele ya Paskali na mama yake. "Nisameheni."

"Bado naumia," Paskali alisema polepole. "Lakini nyanyuka."