Jiko Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Mambo yetu yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe nne ya mwezi wa tano, chai ikiwa haijachemka. Mke wangu alikuwa amechuchumaa barazani akipepea jiko la mkaa kwa kifuniko cha ndoo. Mimi nilikaa kando yake nikishona soli ya kiatu kabla ya kwenda kibandani kwangu. Yeye alikuwa mpishi wa mafundi wa gereji iliyo ng'ambo ya barabara, chai asubuhi, maharage mchana. Wote walimwita Mama.

"Mzee, hiyo soli unaishona au unaibembeleza?" alinitania.

"Bembeleza maharage yako, niachie soli yangu."

Basi, ndugu zangu, tulikuwa katika kutaniana huko lilipopita gari la vipaza sauti. Kuanzia siku hiyo, likasema, ni marufuku kuuza mkaa au kuupikia, mji mzima. Atakayekutwa atanyang'anywa jiko na kushtakiwa. Majiko ya gesi yatagawiwa hivi karibuni.

Nisieleweke vibaya. Sikusoma sana, lakini macho ninayo. Kilima kilicho nyuma ya mji wetu kilikuwa msitu, sasa kina upara kama kichwa changu. Chemchemi iliyotoka chini yake imekauka, na mvua ikinyesha, tope linatuingilia hadi vyumbani. Miti lazima ilindwe, hilo silibishi. Ninalobisha ni kumnyang'anya mtu mkongojo leo huku ukimwahidi mguu kesho.

Hiyo "hivi karibuni" haikufika. Aliyefika ni afisa wa kusimamia marufuku, tukampachika jina la Bwana Mazingira. Alipita uchochoro kwa uchochoro akinusa moshi na kubeba majiko. Na kina mama wangefanya nini? Njaa haisomi tangazo. Mkaa uliendelea kuuzwa kwa kificho, na majiko yakahamia ndani. Watu walifunga milango, wakaziba madirisha kwa magunia ili harufu isitoke. Mke wangu naye akaingia chumba cha ndani. Chakula alikipeleka gereji kwenye ndoo iliyofunikwa shuka, kana kwamba ametoka kufua.

"Mama, nguo zangu zimekauka?" fundi rangi alikuwa akiuliza kwa sauti, barabara nzima isikie.

"Bado zina mchuzi, mwanangu. Kanawe mikono uje uzivae."

Gereji yote ilicheka, nami nilicheka. Tuliona tumepata ujanja.

Ila jioni alianza kushika kichwa. Nikamwambia, "Mama, acha dirisha wazi kidogo. Kichwa hicho si bure."

"Nikiacha wazi watachukua jiko. Jiko likienda, wale vijana utawalisha soli?"

Asubuhi moja ya mvua, fundi rangi alikuja kibandani kwangu. Usoni hakuwa na mzaha.

"Mzee, nguo zetu hazijaja. Nimegonga kwenu wee, kimya."

Tulikwenda mbio, tukavunja komeo. Maharage yalikuwa yakitokota polepole. Mke wangu alikuwa kwenye kigoda, ameegemea ukuta, mwiko mkononi, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Fundi alilichomoa gunia dirishani, tukambeba hadi zahanati, lakini tulichelewa. Nesi alinieleza taratibu kwamba mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu. Haina harufu, na anayelazwa nayo haamki.

Bwana Mazingira alikuja msibani. Alikaa kwenye benchi la nyuma muda mrefu, kisha akaja kuniinamia.

"Pole, mzee. Mimi natumwa tu."

"Najua, mwanangu. Kula, usiondoke na njaa. Ninayemsubiri ni huyo aliyekutuma."

Hajaja. Majiko ya gesi yalikuja hatimaye, wakubwa wakapiga nayo picha, yakaishia kwenye nyumba za maofisa, ambako mkaa haukupikiwa hata siku moja. Na malori ya magogo bado yanashuka kutoka msitu ulio ng'ambo ya kilima, mchana kweupe, kwa vibali. Wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali.

FUNZO

Ndugu msomaji, ukipika kwa mkaa, fungua mlango, fungua na dirisha. Jiko likichukuliwa litapatikana jingine, pumzi haiuzwi dukani. Panda mti na uutunze, maana kilima kile hakikunyolewa na shoka peke yake. Kila gunia la mkaa lililoingia uani kwetu lilichukua sehemu yake. Nanyi mnaotunga sheria, msitu hauokolewi kwa kuwafungia watu ndani na moto. Leteni jiko jipya kwanza, ndipo mzime la zamani. Marufuku isiyo na mbadala haizimi moto, inauficha tu.

Mwezi uliopita wakubwa waliitisha mkutano wa hadhara kuisifu marufuku yao. Nikasimama na swali moja. Mwenyekiti alikunywa maji, akafuta mdomo, akampa nafasi mtu mwingine. Nimeona niliandike hapa, huenda yupo mwenye jibu: siku mlipokaa kupitisha marufuku ile, mlimuuliza mpishi gani?