Kitasa Alichochagua Kibe

Alhamisi, saa tisa alasiri. Kitale, chumba cha nyuma ya kinyozi.

Kibe alichora boti kwenye karatasi ya sukari. Aliichora kama kiatu. Ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu: hajui, na bado anafundisha.

"Injini mbili, zimefungiwa ndani ya chumba cha boti. Mlango ni mmoja. Chelimo ataweka hiki."

Akatupa kitasa mezani. Chepesi, kinang'aa, cha sokoni. Vya aina hiyo ufunguo mmoja hufungua vitano, na Kibe alikuwa na ufunguo kama huo mfukoni.

Chelimo, fundi wa milango kwenye karakana ya Webuye iliyokuwa ikiunda boti hiyo, hakukigusa.

"Mwenye boti anaipeleka Mombasa. Ameagiza kitasa cha stenlesi ya bahari, isiyoshika kutu, mpaka springi za ndani. Hii ni bati imepakwa rangi. Chumvi itaikula."

"Ati chumvi. Bahari iko wapi Webuye?"

"Tunamwagia milango maji ya chumvi kila siku, wiki mbili, kuijaribu. Na kitasa kikioza hakilegei, kinakwama."

Kibe alicheka mpaka akakohoa. "Weka hiyo kitu. Wakiuliza, si fundi ni wewe?"

Wekoye, dereva wao, aliangalia sakafu. Hapo Chelimo akajua nani angefungwa kwa ajili ya injini hizo. Hata hivyo alikichukua kitasa. Kibe alijua shule ya mtoto wake.

Jumapili, wiki mbili baadaye. Webuye, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Wafanyakazi wako kanisani. Mlinzi anakunywa chai getini. Watatu hao wakaingia kwa ua wa nyuma. Ufunguo wa Kibe ulisaga, ukazunguka.

"Mnaona?" alisema, utadhani yeye ndiye aliyevumbua chuma. Akaingia na spana, wenzake wakabaki nje.

Saa nne na ishirini na mbili. Kwaya ikapita barabarani ikiimba. Jambazi mzima akaogopa kwaya. Kibe akauvuta mlango kutoka ndani, ukafunga.

Saa nne na ishirini na tano. Mkono wa kitasa ulizunguka bure, mara kumi. Springi ilikuwa imeshakuwa unga kwa wiki mbili za maji ya chumvi.

"Chelimo. Toa hii kitu."

Angeweza. Skrubu za bawaba zilikuwa nje, kazi ya dakika tatu. Bisibisi alikuwa nayo mkononi.

"Fungua huyu mrango twende, bana," Wekoye alinong'ona.

"Nikifungua, injini zinaenda, mimi nabaki na kesi."

Wekoye alimtazama, akautazama mlango, akaelekea kwenye pikapu waliyokuja nayo bila kuaga. Kibe aliisikia ikiondoka. Sauti yake ikawa ya upole, na upole wa Kibe ulichukiza kuliko matusi yake.

"Chelimo, dada yangu. Si tuongee kama watu."

"Nilikuambia ile Alhamisi."

Alitoa mkobani kitasa cha stenlesi, kile ambacho mwenye boti aliagiza na Kibe akamkataza kukiweka. Kilikuwa kizito na baridi. Alikibeba mpaka getini, akakiweka kando ya kikombe cha mlinzi, akaanza kusema yote, kuanzia jina lake mwenyewe.