Vipande vya Shaba vya Habiba

Nina miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Lamu, mke wa karani. Wakati wa vita nilikuwa bibi arusi mgeni hapa Garissa, na nilimtendea mtu jambo ambalo hadi leo linaninyima raha...

Sarafu ziliadimika siku zile. Mwenye duka, badala ya chenji, alitupa vipande vya shaba alivyovigonga alama mwenyewe: ngamia, nyota, birika, na mtende. Ukivirudisha kwake unapata mahindi au sukari. Wenzangu walivitumia. Mimi nilivipenda! Nilivisugua kwa majivu vikang'aa, nikavipanga kwenye mkebe. Cha mtende tu ndicho sikuwahi kukipata.

Habiba, mama wa Kisomali aliyeniletea maziwa, aliniita walaal, ndugu yake. Kwa kuwa wao huhama na mifugo, vipande vyake aliniwekesha mimi, akiba ya kununulia mahindi kiangazi kikifika.

Ndipo sarafu zikarudi. Mwenye duka akatangaza kwamba anahama, kila mtu alete vipande vyake avikomboe. Habiba alikuwa mbali, upande wa Balambala, akanitumia salamu nimkombolee vyake. Je, nilikwenda? Sikwenda... Nilijua vitayeyushwa, na vizuri kuliko vyote vilikuwa vya kwake. Nikajiambia nitamlipa polepole kutoka mfukoni mwangu. Mfuko gani, na sisi wenyewe tulikuwa tunaungaunga?

Duka likafungwa. Kiangazi kikaja, na Habiba akaja na gunia tupu. Nilimtazama usoni nikamwambia mwenye duka alivikataa.

Aliniamini, wasomaji wenzangu! Akauza ngamia wake wa pekee wa maziwa ili watoto wale. Bila ngamia hakuwa na maziwa ya kuuza tena, ikabidi wahamie Liboi kwa kaka yake.

Siku ya kuniaga alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akanitilia kitu kiganjani. Kilikuwa kipande chenye mtende.

"Chukua, walaal," alisema. "Hii nabata kwa nguo yangu. Duka nakataa, lakini wewe nabenda hivi vitu."

Nililia, naye akanibembeleza akidhani nalilia safari yake.

Mkebe wangu umekamilika, na sijawahi kumwonyesha mtu. Habiba sijamwona tena. Nakuomba wewe uliyewekeshwa kitu cha mwenzako, kirudishe leo, kabla mwenyewe hajaja kukushukuru.