Maji ya Bomba Ndani ya Rejeta

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kazi ya kwanza ya Saija Niemi ilikuwa kuchomoa waya. Waya huo ulitoka ukutani, ukapita juu ya theluji hadi mbele ya gari, na usiku kucha uliipasha injini joto ili ikubali kuwaka. Saija aliuchomoa, akaukunja na kuuning'iniza kwenye msumari, huku mama yake akikwangua barafu kwenye vioo. Bibi yake, ambaye wote nyumbani walimwita Mummo, aliwapungia mkono dirishani. Siku hizi alipunga kuelekea upande ambao hawakuwapo, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

Ukungu huo ndio uliokuwa ukizungumzwa wiki nzima. Alhamisi, saa mbili asubuhi, Mummo alitakiwa awe hospitalini katika mji wa Thunder Bay, Kanada, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijijini kwao, akafanyiwe upasuaji wa jicho moja. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo kwa miezi tisa. Akiikosa, angengoja tena mpaka kiangazi. Baba alikuwa kazini mgodini, kaskazini kabisa, na gari la nyumbani lilikuwa moja tu.

Jumatano alasiri Mama alimpitia Saija shuleni. Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku hiyo gari lilikuwa limeshinda uani huko, mahali pasipo na umeme wa kulipasha joto. Baridi ilikuwa imefika nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, kali kuliko siku zote za majira hayo. Walipokwenda kidogo, Saija aligundua kwamba hita inatoa upepo wa baridi kama friji. Mama akaongeza hita hadi mwisho. Wapi. Kisha akatazama mshale wa joto la injini, na Saija akamwona amekaza midomo. Mshale ulikuwa unapanda kuelekea kwenye rangi nyekundu.

"Nje kunaganda hivi, halafu injini inachemka?" Mama alisema. Akaliweka gari pembeni ya barabara, akalizima, akampigia simu fundi Kantola.

Mzee Reijo Kantola ndiye aliyekuwa fundi wa magari wa kijiji kizima. Alikuja na gari lake la kuvuta, akalivuta gari lao hadi gereji bila maneno mengi. Ndani ya gereji kulikuwa na jiko la kuni, na paka wake mnene alikuwa amelala juu ya tairi. Kantola alifungua boneti, akagusa mpira huu na ule. Mama alisimama nyuma yake, bado amevaa koti.

Mama alikuwa na hofu, na hofu hiyo ikatoka kama hasira. Alimkumbusha Kantola kwamba yeye ndiye aliyebadilisha mpira wa rejeta mwezi wa kumi. Alimwambia kwamba tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa injini ile, na kwamba kesho mama mkwe wake atakosa upasuaji kwa sababu ya kazi iliyofanywa nusunusu. Akamalizia kwa kusema kwamba hatamletea gari tena.

Kantola hakubisha. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, kisha akasema polepole, "Huenda ni kweli, Marjut. Siku hizi mikono yangu inatetemeka. Labda wakati umefika niifunge hii gereji."

Saija alisikia masikio yake yakiwaka moto. Alijua jambo ambalo watu wazima wale wawili hawakulijua.

Ile siku ya mwezi wa kumi, mpira ulipobadilishwa, maji mengi ya rejeta yalikuwa yamemwagika, na Kantola alikuwa ameishiwa dawa ya kuzuia maji yasigande. Alitia maji kidogo ya kuwafikisha nyumbani, akawaambia wayamwage na kuijazia ile dawa waliyokuwa nayo bandani. Mama alimpa Saija kazi hiyo, kwa kuwa Baba alikuwa amemfundisha vizuri. Lakini dumu lilikuwa nyuma ya mbao na baiskeli kuukuu, na wenzake walikuwa wanamwita wakacheze hoki. Bomba la bustani lilikuwa karibu. Akajazia maji, akafunika. Mama alipomuuliza kama ameshatia dawa na kuipima, akasema ndiyo, inafaa mpaka nyuzi arobaini chini ya sifuri. Hata hiyo namba aliitunga palepale.

Sasa alikuwa anamtazama mzee wa watu akijitilia shaka mikono yake.

"Mama, si fundi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Si Mzee Kantola. Ni mimi. Nilitia maji matupu."

Akaeleza yote, pamoja na ile namba. Kantola ndiye aliyemgeukia kwanza, na ajabu ni kwamba uso wake ulikuwa umechangamka.

"Maji ya bomba?" aliuliza. "Una hakika, binti?"

"Nina hakika."

"Basi nashukuru umesema. Nilikuwa karibu kuanza kufungua injini nzima, na mngelala hapa. Kumbe ni barafu tu."

Alimweleza kwamba maji yalikuwa yameanza kuganda ndani ya rejeta na kuziba njia. Yasipozunguka, injini haipoi na hita haipati joto. Wakalisogeza gari karibu na jiko, wakangoja. Kantola alimpa Saija tochi, akamwonyesha pembeni mwa injini vizibo vya chuma ambavyo maji yakiganda sawasawa huvisukuma nje, au hupasua chuma chenyewe. Saija alikagua kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa mahali pake. Waya wa nyumbani ulikuwa umeiokoa injini kila usiku, na siku hii Mama alikuwa amelisimamisha gari mapema.

Barafu ilipoyeyuka, Kantola alitega karai, akaifungua rejeta kwa chini. Maji yalitoka yakiwa na rangi ya kutu, kama chai ya maziwa. Alisema dawa ile haizuii kuganda tu. Inazuia pia kutu isile chuma kwa ndani. Akalifunika karai haraka, kwa kuwa mabaki ya dawa ya zamani yaliyokuwamo ni matamu kwa ulimi na yanaweza kumuua paka. Halafu akamwachia Saija kazi: kusuuza, kuchanganya dawa na maji safi nusu kwa nusu, kujaza, kuwasha injini mpaka ipate moto, kuongeza. Mwisho akampa kipimo chenye mpira wa kufyonza, kinachoonyesha dawa inahimili baridi kiasi gani.

"Soma mwenyewe," alisema.

Saija alisoma mara mbili. "Thelathini na saba chini ya sifuri."

Mama alivuta pumzi ndefu, akaketi juu ya kreti. Kisha akamwomba Kantola radhi, akasema hasira zake zilimtangulia. Mzee akacheka, akasema kahawa ingali jikoni.

Siku ya pili walisafiri kabla hakujapambazuka. Hita ilitoa joto mpaka Mummo akafungua koti, na mshale ukatulia katikati safari nzima. Saa tano Mummo alitoka, kitambaa kikiwa kwenye jicho moja, akilalamika kwamba hawakumpa kifungua kinywa. Kwa jinsi alivyolalamika, Mama na Saija walijua kwamba yu mzima, wakacheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni.

Walipokuwa wakirudi, Mama alipunguza mwendo.

"Ile kazi uliikwepa ili kuokoa dakika kumi," alimwambia Saija. "Kosa hilo watoto wote hulifanya, hata mimi nililifanya. Lililoniuma ni ile namba. Mimi niliendesha gari hili miezi mitatu nikiiamini namba yako, na jana nikamvunjia heshima mtu mwema kwa sababu yake. Mtu akikuuliza kama kazi imefanyika, mpe jibu la kweli, hata kama jibu lenyewe ni bado. Ikiwa bado, tunaweza kuishughulikia. Uongo hatuwezi, kwa sababu hatujui kwamba upo." Akamtupia jicho. "Lakini jana ulisema kabla hujaulizwa, na ndiyo maana leo tumefika. Hilo nalo nimeliona."

Saija akaitikia. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.